Rockbox au Programu Asilia: Ulinganisho kwa Mwenye iPod Iliyoongezwa Hifadhi

Mtu anayeifungua iPod ya zamani ili aitoe diski yake inayozunguka na kuiwekea kadi za kumbukumbu, mara nyingi huanza na swali la ukubwa: GB 128, GB 256 au TB nzima? Swali hilo lina mahali pake, ila si mwanzoni. Programu endeshi itakayozisimamia kadi hizo ndiyo inayoamua ni nafasi kiasi gani itatumika kweli, ni faili za aina gani zitachezwa na nyimbo zitaingizwa kwa njia ipi. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaitanguliza programu, na kadi na adapta za kuziunganishia kwenye kifaa zinafuata baadaye.

Machaguo yenye uhai ni mawili. La kwanza ni programu asilia ya Apple, ile iliyotoka na kifaa kiwandani. La pili ni Rockbox, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2001 na watayarishaji programu wa Sweden, akiwemo Björn Stenberg, wakiilenga si iPod bali vicheza muziki vya Archos. iPod ziliongezwa miaka michache baadaye. Leo Rockbox inaendesha iPod za kawaida za vizazi vya mwanzo, mini zote mbili, nano ya kwanza na ya pili, iPod ya video na Classic. Haiendeshi shuffle wala touch. iPodLinux, iliyowahi kuwa chaguo la tatu, ilikwisha kuachwa zamani, na sioni sababu ya kumpotezea msomaji muda juu yake.

Ukomo wa nafasi

Diski na kadi husomwa kwa sekta, na kila sekta ina anwani yake. Programu ya Apple iliyomo katika iPod Classic za mwaka 2007 na 2008 hutumia anwani za biti 28, na kwa sekta za baiti 512 hesabu hiyo inakomea kwenye GB 137 kwa kipimo cha wauza diski, ambazo ndizo GB 128 kwa kipimo cha kompyuta. Ukiiwekea Classic ya aina hiyo kadi ya GB 512, sehemu kubwa ya fedha yako imelala bure. Classic ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2009 ikiwa na GB 160, haina kizuizi hicho, na ndiyo maana inatafutwa sana kuliko dada zake.

Tatizo ni kwamba kwa nje zinafanana, na namba A1238 iliyochapwa mgongoni ni ileile kwa Classic zote. Anayenunua iliyotumika asiitegemee namba hiyo. Aombe kifaa kiwashwe, aingie kwenye mipangilio, afungue ukurasa wa maelezo ya kifaa na kusoma namba ya modeli: ya mwaka 2009 huanza na herufi MC, yaani MC293 kwa rangi ya fedha na MC297 kwa nyeusi, wakati zile za awali huanza na MB.

Kwa Rockbox mjadala huo haupo, kwa kuwa inatumia anwani za biti 48 hata kwenye Classic ya mwaka 2007. Hapa ndipo uamuzi wa programu unapogeuka uamuzi wa fedha. Mwenye Classic ya zamani anayetaka GB 256 ana njia mbili tu: atafute Classic ya 2009, au abaki na aliyonayo na kuitia Rockbox. Ila akishaweka kadi inayovuka ukomo huo kwenye kifaa cha zamani, asiirudie tena programu ya Apple kwa majaribio, maana programu isiyoziona sekta za mbali haiwezi kuaminiwa kuandika juu ya kadi hiyo.

Rockbox nayo ina sharti lake. Inataka hifadhi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, na haisomi HFS+ ambayo ndiyo fomati inayopewa iPod ikirejeshwa hali ya kiwandani kwenye kompyuta ya Mac. Haisomi exFAT pia, ilhali kadi zote zinazozidi GB 32 hutoka dukani zikiwa na fomati hiyo. Chombo cha kawaida cha Windows kwa muda mrefu kimekuwa kikikataa kufomati FAT32 juu ya GB 32, na wengi hukwama hapo wakidhani kadi ni mbovu. Njia rahisi, kwa iPod ambayo iTunes inaikubali, ni kuirejesha hali ya kiwandani kwenye kompyuta ya Windows. iTunes huigawa kadi nzima yenyewe na kuiacha katika FAT32, hata kama ni kubwa. Programu ya Apple, kwa upande wake, inafanya kazi na FAT32 na HFS+ zote mbili bila kulalamika.

Kumbukumbu ya ndani na maktaba kubwa

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa adapta hawalisemi kwa sauti. Kuongeza hifadhi hakuongezi RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi. iPod ya video ya GB 30 ina RAM ya MB 32, na zile za GB 60 na GB 80 zina MB 64, na zitabaki hivyo hata ukiziwekea TB moja.

Programu ya Apple huweka orodha nzima ya nyimbo katika faili moja la hifadhidata, kisha hulipakia katika RAM. Kila wimbo unachukua nafasi yake humo pamoja na jina, msanii, albamu, mtunzi na maoni yaliyoandikwa kwenye lebo zake. Makadirio yanayozunguka miongoni mwa mafundi ni nyimbo kama 20,000 kwa RAM ya MB 32 na kama 50,000 kwa MB 64, lakini lebo zikiwa ndefu namba hizo hushuka. Ukomo ukivukwa hupati ujumbe wa onyo. Unafungua orodha ya nyimbo, skrini inaganda, nembo ya tufaha inatokea, kifaa kinajiwasha upya. Au orodha inaonyesha kwamba hakuna wimbo hata mmoja wakati hifadhi imejaa pomoni. Fundi asiyejua chanzo hulaumu kadi, akabadilisha adapta, na tatizo likarudi palepale.

Rockbox inatoka kwenye mkwamo huo kwa njia mbili. Kwanza, haihitaji hifadhidata kabisa: unaweza kuzipitia folda kama unavyofanya kwenye kompyuta, ukafungua folda ya msanii, kisha albamu, ukabonyeza wimbo wa kwanza na zilizobaki zikafuata. Pili, ukiitaka hifadhidata ya lebo, inaweza kukaa kwenye kadi badala ya kupakiwa yote katika RAM. Juu ya diski inayozunguka mpangilio huo ulikuwa wa kuchosha, kwa kuwa kila utafutaji uliamsha diski na kula chaji. Juu ya kadi, kuchelewa kwake si jambo la kulalamikia. Kwa maneno mengine, mabadiliko ya hifadhi yameifaidisha Rockbox kuliko yalivyoifaidisha programu ya Apple, ambayo ilibuniwa ikijua kwamba diski ni ndogo na RAM inatosha.

Si kwamba Rockbox haihisi uzito wa kadi kubwa. Chukua kadi ya TB moja iliyofomatiwa FAT32 kwa vipande vya KB 32: jedwali la kuorodhesha vipande hivyo peke yake linakaribia MB 122, karibu mara mbili ya RAM ya iPod kubwa ya video. Ndiyo sababu hesabu ya nafasi iliyobaki huchukua muda, na ndiyo sababu ujenzi wa kwanza wa hifadhidata kwenye maktaba ya maelfu ya albamu ni kazi ya kuacha kifaa kwenye chaji na kwenda kufanya shughuli nyingine. Baada ya hapo, kila ukiongeza nyimbo lazima uiambie isasishe hifadhidata, isipokuwa umeiwekea ifanye hivyo yenyewe.

Kuingiza nyimbo

Kwa programu ya Apple, nyimbo huingia kupitia iTunes au, kwenye Mac za sasa, kupitia Finder. Zikishaingia, hukaa katika folda iliyofichwa yenye vijifolda vya F00, F01 na kuendelea, na kila faili hupewa jina la herufi nne lisilo na maana. Anayependa kompyuta impangie kila kitu ataridhika: orodha zake, idadi ya mara alizosikiliza na alama alizozipa nyimbo vyote husafiri kwenda na kurudi. Anayebadilisha kompyuta mara kwa mara, au anayetumia Linux, ataona kifungo.

Kwa Rockbox, iPod inageuka kuwa diski ya kawaida ya USB. Unanakili folda, unachomoa, unasikiliza. Mpangilio wa majina ya folda sasa ni jukumu lako, na maktaba iliyovurugika kwenye kompyuta itavurugika vivyo hivyo mfukoni.

Kuna jambo linalosahaulika katika kulinganisha njia hizi. Programu zote mbili zinaweza kukaa kwenye kifaa kimoja, na unachagua ya kuwasha kwa kushika kitufe au swichi ya kufunga vitufe wakati kifaa kinaamka. Lakini mwonekano wa nyimbo ni wa upande mmoja. Nyimbo zilizoingizwa na iTunes zinaonekana katika hifadhidata ya Rockbox, kwa kuwa inasoma lebo zilizo ndani ya faili na haijali majina yake ya ajabu. Nyimbo ulizonakili mwenyewe kwenye folda haziwezi kuonekana katika programu ya Apple. Kwa hiyo anayetaka kubaki na zote mbili aendelee kutumia iTunes, wala asinakili kwa mkono, la sivyo atajikuta na maktaba mbili zinazogombania kadi moja.

Aina za faili na sauti

Programu ya Apple inacheza MP3, AAC, Apple Lossless, AIFF na WAV. Haichezi FLAC, Ogg Vorbis wala Opus. Rockbox inacheza zote hizo pamoja na WavPack, Musepack na Monkey's Audio. Mwenye mkusanyiko wa FLAC, yaani sauti iliyobanwa bila kupoteza ubora, anayebaki na programu asilia atalazimika kubadilisha kila faili kuwa Apple Lossless. Ubora haupotei, lakini kazi ipo, na kila albamu mpya inaleta kazi yake.

Hapa ukubwa wa kadi unapata maana. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni MB 144, kwa hiyo kadi ya GB 128 inabeba karibu saa 890 za muziki. Saa moja ya sauti ya CD bila mbano ni MB 635, na FLAC huishusha hadi karibu nusu au theluthi mbili ya hapo kutegemea muziki wenyewe. Anayesikiliza MP3 hana haja ya kadi inayozidi GB 128, na kwa hiyo kizuizi cha Classic za zamani hakimgusi. Anayebeba FLAC ndiye anayehitaji kadi kubwa, na huyohuyo ndiye anayehitaji Rockbox. Mahitaji mawili yanakutana kwa mtu mmoja, na hilo linarahisisha uamuzi.

Tahadhari mbili kwa wapenda ubora. Faili zilizobanwa kwa viwango vya juu kabisa vya Monkey's Audio huzilemea chipu za zamani hadi uchezaji ukakatika. Na faili za sampuli 96,000 kwa sekunde hazina faida kwenye iPod hizi. Kuzishusha hadi 44,100 kwenye kompyuta kunaokoa nafasi na chaji, na sikio halitadai chochote.

Kuhusu sauti yenyewe, chipu inayotoa sauti ni ileile kwa programu zote mbili: Wolfson kwenye iPod ya video, Cirrus Logic kwenye Classic. Anayesema Rockbox inabadilisha kifaa kuwa kingine anatia chumvi. Inachokupa ni udhibiti. Ikwalaiza ya Apple ina mipangilio iliyokwisha pangwa na huwezi kuigusa, ilhali ya Rockbox unachagua masafa, upana na kiwango mwenyewe. Rockbox pia inafuata lebo za kusawazisha sauti kati ya albamu na albamu, na inacheza nyimbo zilizoungana bila mkatiko, ingawa kwa hili la mwisho Apple nayo ilifanya hivyo kwa iPod za video tangu mwaka 2006.

Betri

Kadi hutumia umeme mdogo kuliko diski inayozunguka, na nafasi inayoachwa na diski huruhusu betri nene zaidi. Hiyo ni faida ya programu zote mbili. Kwenye iPod za chipu za PortalPlayer, zikiwemo mini na za video, Rockbox ina sifa ya zamani ya kula chaji kuliko programu asilia, hasa ukiwasha ikwalaiza au ukicheza fomati nzito. Ukishaweka kadi na betri mpya, tofauti hiyo haitoshi kuwa sababu ya uamuzi.

Unachokipoteza

Rockbox haichezi faili zilizofungwa kwa ulinzi wa Apple, zile zilizonunuliwa kabla ya muziki wa iTunes kuachiwa huru mwaka 2009. Haichezi video za H.264 ambazo iPod ya video inazicheza ikiwa na programu yake. Inazo MPEG-1 na MPEG-2 tu, na kuzitengeneza ni usumbufu. Vifaa vya gari na spika za kuchomekea vinavyoongea na iPod kwa itifaki ya Apple huenda vikatoa sauti lakini visionyeshe majina ya nyimbo. Picha za majalada nazo zina kasoro ndogo inayowasumbua wengi: Rockbox haionyeshi JPEG za aina inayojichora hatua kwa hatua. Albamu moja inaonyesha jalada, ya pili haionyeshi, na faili zote mbili zinafunguka vizuri kwenye kompyuta. Dawa ni kuihifadhi upya picha kama JPEG ya kawaida na kuiweka ndani ya folda ya albamu kwa jina la cover.jpg.

Unachokipata upande wa pili, mbali na michezo na mandhari za skrini ambazo sizihesabu kuwa sababu, ni menyu zinazosema. Rockbox inaweza kutamka kila kipengele cha menyu na jina la kila folda, na kwa msikilizaji asiyeona tofauti hii peke yake inamaliza ulinganisho wote.

Kadi na adapta

Baada ya kuchagua programu ndipo unapofika kwenye vifaa. iPod mini ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa diski yake ndogo ilitumia umbo la CompactFlash na kadi ya CompactFlash, au adapta ya SD yenye umbo hilo, inaingia mahali pake moja kwa moja. iPod ya video na Classic zinahitaji bodi za adapta kama za iFlash, zinazopokea kadi moja, mbili au nne za SD, au hifadhi ya mSATA, ambayo ni diski ndogo isiyozunguka. Bodi ya kadi nne huzionyesha zote kama diski moja, jambo zuri hadi kadi moja inapokufa na kuondoka na maktaba nzima. Kadi moja kubwa ni salama kuliko nne ndogo, na mSATA inakula umeme zaidi ya kadi.

Kadi bandia zinazodai ukubwa zisizokuwa nao zimejaa sokoni. Ijaribu kila kadi kwenye kompyuta kabla hujafunga kifaa, kwa chombo kinachoijaza yote na kuisoma tena, kama f3 au H2testw. Unapofika kwenye utepe wa waya wa diski, usiuvute: inua kwanza kilachi chembamba kinachoubana kwa ukucha hadi kisimame, telezesha utepe utoke ukiwa umenyooka, kisha urudishe wa adapta vivyo hivyo na ukilaze kilachi kwa kukibonyeza pande zote mbili sawia. Kilachi kikivunjika, hakuna programu itakayokusaidia.

Uchaguzi kwa kila kifaa

Kwa mwenye Classic ya 2009 anayesikiliza MP3 au AAC na anayetumia iTunes bila manung'uniko, programu asilia inatosha, na sioni atakachokipata kwa kuihama. Kwa Classic ya 2007 au 2008 yenye kadi inayozidi GB 128, Rockbox ndiyo njia pekee yenye maana. Kwa iPod ya video ya GB 30 yenye RAM ndogo, mpaka uko kwenye idadi ya nyimbo: chini ya 15,000 chagua upendavyo, juu ya hapo nenda Rockbox. Kwa mini ninapendelea Rockbox bila kusita, kwa kuwa skrini yake ndogo isiyo na rangi inafaa kwa kupitia folda.

Nje ya iPod hesabu inabadilika. SanDisk Sansa Clip+ ina tundu la kadi ya microSD, kwa hiyo hakuna cha kufungua, na programu yake asilia tayari inacheza FLAC na Ogg. Rasmi inapokea kadi hadi GB 32. Rockbox inasoma kubwa kuliko hizo zikifomatiwa FAT32, ingawa RAM yake ni finyu na maktaba kubwa ni bora ipitiwe kwa folda. Hapo sababu ya kubadilisha ni ukubwa wa kadi na wepesi wa menyu, si aina za faili.

Aliyekwama katikati, mwenye iPod ya video au Classic ya 2009, aweke zote mbili: airejeshe iPod kwa iTunes kwenye Windows, aingize nyimbo chache, ahakikishe zinacheza, kisha aendeshe Rockbox Utility ambayo huweka faili zote pamoja na programu ya kuwashia. Likiharibika jambo kwenye iPod ya video, ashike Menu na kitufe cha kati mpaka ijiwashe upya, halafu mara moja ashike kitufe cha kati na Play ili iingie kwenye hali ya diski, na kompyuta itaiona tena. Kuirejesha kwa iTunes kutoka hapo kunaondoa Rockbox na kufuta nyimbo zote kwa pamoja, kwa hiyo nakala ya maktaba iwepo kwenye kompyuta kabla ya kukibonyeza kitufe cha kurejesha.